Siku Upanga Ulipokataa Kushuka

Kuna aibu ambayo mtu huizika pamoja na walioiona, lakini yangu haiziki, kwa sababu aliyeiona ni uwanja mzima wa Nizwa, huku Oman, na baadhi yao walikuwa na kamera. Bora niiseme mwenyewe leo tukiwa tumekaa, maana nikimwachia mdogo wangu Zuwena ataiongezea, na wallahi haihitaji nyongeza. Na mjue tangu mwanzo kwamba yote yaliletwa na raba ya kufutia, ile ndogo ya watoto wa skuli, nusu nyekundu nusu buluu.

Mimi nina tabia ya ratiba. Kila mwaka baridi ikianza kulegea na joto halijatukamata koo, ile miezi miwili mitatu ambayo katika nchi hii mtu anaweza kukaa nje bila kulaani, mimi huchukua daftari nikapanga Alhamisi na Ijumaa zote (wakati ule mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa), wiki hii Wadi Bani Khalid, kwenye bonde la maji, kuogelea, wiki ijayo Sur kusikiliza ngoma za mabaharia, inayofuata mchangani kutazama ngamia wakishindana, halafu Nizwa kwa mnada wa mbuzi na ngoma za panga, na waridi wa Jabal Akhdar nikipata mwenye gari ya kupandia mlima. Skuli niliiacha Form Two, mama alipofariki miezi michache baada ya baba, na mimi ndiye mkubwa, wadogo zangu wa kike wawili, Rahma ndio kwanza anatembea na Zuwena bado wa kubebwa, kwa hiyo daftari nalipenda kama mtu anavyopenda kitu alichonyang'anywa. Zuwena huiita "ratiba ya waziri". Namwacha acheke. Hapa Ibra wapo watu wenye gari mbili mlangoni ambao Alhamisi nzima hulala mbele ya televisheni, Ijumaa wakasali wakarudi kulala, na Jumamosi wanakwambia wamechoka. Wapo na wale wa Maskati, wanaokuja wadini na jiko la gesi, zulia, mito na redio, wakaliegesha gari chini ya mti mmoja tu wenye kivuli, wakala, wakaacha mifupa, wakarudi kwao kusimulia kwamba wameona maumbile. Mimi nilijiona bora kuliko wote hao. Subirini.

Mwaka huo Rahma alikuwa ameshapata kazi ofisi moja ya serikali hapa Ibra, na kijana wa ofisi hiyo hiyo, Yahya, akaleta posa. Rahma katika maisha yake yote hakuwahi kuniomba kitu. Viatu vya skuli alivivaa mpaka vikafungua mdomo, hakusema. Usiku huo wa posa ndipo aliponiomba kwa mara ya kwanza, anapanga vikombe, hanitazami: "Kaka, huyu nampenda. Usimkatae, na tafadhali usimkimbize."

Kumkataa nisingeweza, kijana alikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa baba yake, Ami Khalfan. Ami Khalfan alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na alikuwa na Kiarabu cha kupiga pasi, kila herufi ya kooni anaitoa kama anaipeleka maonyeshoni, na nilipokosea neno (na mimi, dereva wa gari la maji, nakosea mengi) alikuwa akilirudia polepole kwa sahihi yake, akitazama dari. Kiswahili alisema hajui hata salamu. Alikuja na mama yake, bibi mkongwe aliyejifunika shali nyeusi, nikamwinamia nikamwamkia kwa mazoea, "Shikamoo, Bibi", na midomo ya yule bibi ikaanza kutikisika, mara Ami Khalfan akakohoa kikohozi kikubwa, akatwambia kwa Kiarabu mama yake ana maradhi ya koo, hasemi. Bibi akanitazama tu. Mimi nikamwonea huruma kwa koo lake. Mjinga mimi.

Ami Khalfan akasema hana pingamizi kubwa, ila anataka kuzijua asili, kwani siku hizi watu wanarudi kutoka kila upande na kila mmoja anasema babu yake alikuwa mtu. Nami nikajibu kwetu Unguja tulikuwa na shamba la minazi na wakwezi wake. Uongo huo ulikuwa na robo ya kweli. Shamba lilikuwepo, lakini la watu, na mkwezi mmojawapo nilikuwa mimi: nilipoiacha skuli nilikwea minazi ya watu kwa miaka minne, asubuhi mpaka jioni, ndivyo wale wawili walivyokula. Tulipofika Oman nikaifungia kamba yangu ya kukwelea kabatini, na hadithi yake nayo nikaifungia.

"Vizuri," akasema. "Basi tutoke pamoja Ijumaa ijayo. Mtu humjua mwenzake safarini. Baada ya hapo nitakupa jibu."

Hapo nikafurahi, kwani kama kuna kitu ninachokijua ni matembezi. Nikalitoa daftari nikamwonyesha, Ijumaa ijayo imeandikwa kwa penseli, mwandiko mzuri kabisa: Wadi Bani Khalid. Maji, kivuli, samaki wa kuchoma, wazee wanakaa kwenye mkeka, hakuna anayeweza kuaibika pale isipokuwa akizama. Ami Khalfan akalitazama akatoa tabasamu la upande mmoja.

"Kuogelea na kula. Nyinyi watu wa Unguja mnajua taarabu na biriani. Sanaa ya Waarabu, razha, panga, mmeisahau."

Sasa hebu niambieni, mtu mwenye akili angejibu nini? Angesema, "Ndiyo, Ami, karibu samaki." Mimi nikasema: "Razha? Sisi tumezaliwa nayo. Babu yangu alikuwa akiurusha upanga na kuudaka huku anazungumza na jirani." (Hilo kuhusu babu lilikuwa kweli, Unguja siku za Idi. Ila babu ni babu.) "Na wewe?" akauliza. Nikaichukua raba, nikaifuta Wadi Bani Khalid mbele ya macho yake, nikasugua mpaka karatasi ikatoboka kidogo, nikaandika: Nizwa, razha.

"Na mimi," nikasema.

Kwa asiyejua, kwenye razha wanaume husimama safu mbili, ngoma zinapigwa, washairi wanajibizana kwa kuimba, na anayejiweza hutoka katikati, akaruka, akaurusha upanga juu ukizunguka, akaudaka kwa mpini. Unaonekana mchezo rahisi kwa sababu wanaoucheza wameanza kabla ya kuota meno ya pili. Mimi niliuanza nina miaka thelathini na nane, nyuma ya nyumba, na mpini wa fagio. Siku ya kwanza uliniangukia begani, ya pili ukaangukia dishi la satelaiti la jirani (aliyekuwa anatazama mpira, akatoka na kandambili mkononi), siku ya nne nikaudaka mara moja, na hiyo mara moja ndiyo niliyoiamini.

Rahma alinisimamia mlangoni. "Kaka, sema kweli tu. Sema hujui."

"Nimwambie nini yule?"

"Mwambie hujui. Watu wengi hawajui."

"Wewe niachie mimi."

"Nimekuachia tangu nizaliwe," akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Zuwena akatoa kichwa dirishani. "Mwache. Akikatika kidole tutampeleka kwa Yahya, wana bima ofisini."

Ijumaa tukaondoka baada ya sala, sisi na gari yetu, wao na yao, tukapita Mudhaibi, tukapita Izki, na njia nzima mimi nausogeza mkono wa kulia hewani kama ninafukuza nzi. Nilikuwa nimevaa kama bwana harusi: kanzu mpya, jambia la kuazima, na kilemba cha sufu laini alichonipa Yahya zawadi ya posa, kitu cha thamani. Ndani ya kanzu, badala ya kikoi kama watu wenye adabu, nilivaa kaptura ya kuchezea mpira, nyekundu, ili niruke vizuri. Kumbukeni hiyo kaptura.

Nizwa palikuwa na siku ya sanaa za asili, uwanja kandokando ya mitende, mikeka, kahawa, watu wengi mno. Kiongozi wa kikundi alikuwa mzee mmoja mwenye ndevu za hina, na Ami Khalfan, kwa wema wake (hivyo ndivyo nilivyofikiri), alikwenda kumnong'oneza kwamba huyu mgeni wa Ibra ni mtu wa razha baba na babu. Yule mzee akaniheshimu. Akanipa upanga wake mwenyewe, akaniambia ulikuwa wa baba yake na wa babu yake, kwenye ala yake kuna fedha. Hapo miguu ikaanza kuniambia turudi nyumbani. Nikamtazama Rahma upande wa wanawake, amekaa karibu na bibi wa shali nyeusi, mikono ameifumbata. Bado ningeweza kusema sijui, kama alivyonifundisha. Neno moja tu. Nikatoka katikati.

Kuruka niliruka vizuri, hilo nisidhulumiwe. Nikaurusha upanga. Lakini fagio ni jepesi na upanga una uzito wake, nami nilitumia nguvu za hofu, ukaenda juu, ukazunguka, ukameta juani, watu wakasema aah, nikakinga mkono, nikangoja. Sikudaka kitu. Nikangoja tena. Watu wote walikuwa wametazama juu, na mimi nikatazama juu. Upanga ulikuwa umeingia katikati ya makuti ya mtende ulioinamia uwanja, umelala pale kama uko kabatini kwake.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Mzee wa ndevu za hina akanitazama, akautazama mtende, akanitazama tena. Watu wakasogezwa pembeni. Wakamuulizia mpanda mitende, wakaambiwa kaenda harusini Izki. Wakatupa mawe, likaanguka vumbi tu. Ami Khalfan akaja akasimama ubavuni pangu, akasema kwa kile Kiarabu chake cha pasi: "Babu yako naye alikuwa akiuhifadhi juu?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Nikautazama ule mtende: mfupi, robo tatu tu ya mnazi wa kawaida. Mimi minazi niliipanda nikiwa na njaa, na mvua inanyesha. Nikasema moyoni, huu ni mchezo wa watoto. Na hapa ndipo ninapotaka kuwatahadharisha nyote mlioletwa hapa kutoka pwani: mtende si mnazi. Tumeishi nayo miaka yote hii, tumekula tende zake, na bado ukiutazama kwa mbali moyo unakudanganya ni ndugu wa mnazi. Mnazi ni laini, unafunga kitanzi miguuni, unauruka kama chura mpaka juu. Mtende una visiki vya makuti yaliyokatwa, vimechongoka, na juu kabisa penye makuti mabichi una miba mirefu kama shazia, zile sindano za kushonea magunia.

Nikavua jambia, nikavua viatu, nikakivua kilemba cha Yahya cha sufu laini, nikakisokota, nikakifunga kitanzi cha miguu. Nikasikia sauti ya Zuwena: "Rahma, mtazame kaka yako, anakwea." Nami nikakwea. Sehemu ya chini ilikuwa imesuguliwa na miaka, nikaenda vizuri, watu wakaanza hata kushangilia, nikaanza kujiona (nilifikiri, haya, sasa wataona mtu). Nikafika penye visiki. Kitanzi kikanasa kwenye kimoja. Nikavuta, kikanasa kwenye viwili. Kanzu ikashikwa na cha tatu, nikajitikisa, ikachanika kutoka pindoni mpaka kiunoni kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mikeka ya kahawa, na Nizwa yote ikaiona kaptura nyekundu.

Kupanda siwezi, kushuka siwezi. Upanga nauona, umbali wa mkono na nusu. Nikanyoosha mkono wa kulia nishike kuti nijivute.

"Usishike hapo, we! Miba hiyo! Shika chini, shika kisiki!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Na si Kiswahili cha Unguja, ni cha bara kabisa, cha ziwani, cha mtu aliyelelewa nacho na kupigwa kwacho. Nikatazama chini. Ami Khalfan alikuwa amesimama, mikono kichwani, kofia imeanguka, mdomo bado uko wazi. Kisha yule bibi mwenye maradhi ya koo akafungua shali yake akasema kwa sauti nzima, nzuri, isiyo na maradhi yoyote:

"Leo umepata ulimi, Khalfani. Alhamdulillahi. Wiki nzima nimenyamazishwa kama mtoto, mtu ananiamkia nashindwa kumwitikia." Kisha akaniinulia uso huko juu niliko. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Shikilia vizuri."

Nikashikilia vizuri. Na ndipo ukapita upepo mdogo tu, wala si upepo wa kusimulia, makuti yakatikisika, upanga ukateleza kwa raha zake, ukashuka ukajichomeka mchangani mahali pasipo na mtu. Wenyewe. Bila mimi. Mzee wa ndevu za hina akauchomoa, akaufuta kwa kanzu yake, akaubusu mpini, akawapa ishara wapiga ngoma. Na wallahi wakaendelea. Waliendelea na razha nami niko juu, nimekumbatia mtende kama ndugu niliyepotezana naye, na mshairi wao akatunga papo hapo, kwa Kiarabu, kwamba mitende ya Nizwa imezaa tende za kila rangi lakini hii ya leo ina miguu, na safu nzima ikaitikia mara nne. Mara nne. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine.

Ngazi ilipatikana kwa mafundi waliotundika taa. Aliyeishika chini upande mmoja ni Yahya, na upande wa pili Ami Khalfan. Nilipofika chini, kanzu vipande viwili, kilemba nyuzi, mikono inatoka damu, niliona nimwambie kabla hajaniambia.

"Ami, shamba halikuwa letu. Mimi ndiye niliyekuwa mkwezi."

"Nimeona," akasema kwa Kiswahili, bado ameishika ngazi. "Mtu mwenye wakwezi hafungi kitanzi namna ile." Akaiokota kofia yake, akaikung'uta. "Mimi Ujiji nilikuwa nikianika dagaa. Wa watu. Kila nikifungua mdomo kwa Kiswahili naisikia harufu yake, nikaona bora nisifungue."

"Ndiyo ukamfunga na mama yako?" nikauliza. Labda sikupaswa, lakini mtu aliyetoka kuonyesha kaptura kwa mji mzima haogopi tena.

Akamgeukia mama yake. Kisha akasema, "Hilo ni baya. Hilo ni baya kuliko mtende."

Rahma akaja na shuka akanifunga kiunoni, mbele ya wote, kama nilivyokuwa nikimfunga yeye nepi. Alikuwa analia na sikujua ni kilio cha namna gani. "Nimeikimbiza?" nikamuuliza, maana posa yake ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu muda wote ule juu, nawaapia, si miba. Aliyenijibu ni yule bibi, ameshasogea na bakora yake: "Nani akimbie? Mwanamume anayepanda mti wa miba kwa ajili ya dada yake, nitampata wapi mwingine? Khalfani, jibu lake mpe."

"Si kwa ajili ya dada yake," akasema Zuwena. "Ni kwa ajili ya kiburi."

"Vyote viwili," akasema bibi. "Wanaume huvipanda pamoja."

Ami Khalfan akanipa jibu pale pale, kwa Kiswahili. Akasema ndiyo. Harusi ilifanyika mwezi uliofuata, kikaja kikundi kile kile cha razha, na mimi nilikaa mstari wa mbele nikiwa nimeikalia mikono yangu yote miwili, na yule kiongozi wao alipopita mbele yangu aliuhamisha upanga akaushika upande wa pili.

Mpaka leo Ibra nikishusha maji mahali wananiuliza, "Umeshuka?" Najibu nimeshuka. Wanaouliza ni wale wale wa kulala mbele ya televisheni, wasiokwenda popote, na ndiyo maana hawajawahi kuaibika popote. Siwaonei wivu. Lakini nimekubali jambo moja, kwamba mtu aliyekaa na penseli akapanga furaha za miezi mitatu, halafu akaifuta iliyo bora kwa neno la mtu mmoja tu, hana haki ya kumcheka anayelala.

Daftari ninalo. Ukurasa ule una tundu la raba, na ukiuelekeza kwenye taa bado inasomeka Wadi Bani Khalid. Raba nilimpa Zuwena, akaitupa juu ya paa la jirani, wala hakukinga mkono kuidaka. Ratiba zangu siku hizi naziandika kwa wino.